Ukungu Unaozunguka Mfupa

Tarehe 22 Desemba 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Conrad Röntgen alimwomba mke wake, Anna Bertha, aweke mkono juu ya bamba la kupigia picha na autulize hapo kwa muda wa kama robo saa. Picha iliyotoka bila shaka umewahi kuiona. Inazunguka kwenye vitabu vya fizikia na kwenye kuta za vyumba vya eksirei: vidole vya mifupa mitupu, na pete imekaa kwenye kimoja kama imevishwa kijiti.

Watu hutazama mifupa, kisha pete. Mimi mwaka huu nimeitazama picha ile mara nyingi mno, na macho yangu siku hizi yanakwenda pembeni, kwenye ule ukungu wa kijivu unaoizunguka mifupa. Ukungu ule ndio mwili wenyewe: ngozi, mafuta, mishipa, misuli. Anna Bertha alikuwa na miaka 56. Kwa umri huo wengi wetu misuli imeshaanza kutuaga, lakini picha haisemi neno kuhusu hilo. Mbele ya eksirei, msuli wa kijana na msuli wa mzee ni kivuli kile kile.

Nasoma shahada ya uzamili katika historia, na tasnifu yangu inahusu mashine za hospitali na namna zilivyotufundisha kuuona uzee. Kitu kimoja kinanishangaza kila ninaporudi kwenye makaratasi. Misuli ndiyo inayomwinua mzee kitandani, inampandisha ngazi za daladala, inamzuia asianguke bafuni. Hata hivyo, hakuna hata mashine moja kati ya nitakazozitaja iliyoundwa kwa ajili ya kuitazama misuli. Watu walikuwa wanatafuta uvimbe kichwani, mfupa uliomong'onyoka, saratani ya utumbo. Misuli ikaonekana kwa sababu ilikuwa njiani.

Kwa zaidi ya miaka sabini baada ya Röntgen, daktari aliyetaka kujua misuli ya mgonjwa ilivyo alikuwa na futi kamba ya fundi cherehani, akaizungusha kwenye mkono au paja. Futi kamba haitofautishi nyama na mafuta. Njia ya uhakika ilikuwa kusubiri mtu afe. Hata mwaka 1988, watafiti wa Sweden wakiongozwa na Jan Lexell walichapisha matokeo ya kazi ya namna hiyo: walichukua msuli mzima wa upande wa nje wa paja kutoka kwa maiti za wanaume 43 waliokuwa na afya njema kabla ya kufariki, mdogo akiwa na miaka 15 na mkubwa 83, wakaukata vipande vyembamba na kuhesabu nyuzi zake. Waliona kwamba msuli huanza kupungua mapema sana, hata kuanzia miaka 25, na kwamba kati ya miaka 20 na 80 eneo lake hupungua kwa takriban asilimia 40. Mimi nina miaka 26. Mstari ule niliusoma mara mbili.

Kuupa ukungu ule namba kulihitaji fizikia ya aina nyingine, na sehemu ya fizikia hiyo ilifanyika Afrika. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur ilihitaji mwanafizikia, maana sheria ilitaka matumizi ya vitu vyenye mionzi yasimamiwe na mtu wa fani hiyo. Cormack akaenda, siku moja na nusu kwa wiki. Pale aliona jinsi matibabu ya saratani kwa mionzi yalivyopangwa kana kwamba mwili wa binadamu ni kitu kimoja tangu nje hadi ndani. Swali lake lilikuwa hili: ukipitisha miale kutoka pande nyingi na kupima kiasi kinachotokea upande wa pili, je, unaweza kukokotoa kilichomo katikati bila kukata? Alijaribu kwa kisahani cha alumini kilichozungushiwa mbao. Ilifanya kazi. Makala zake zilitoka mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe alisimulia kwamba ombi la kuvutia zaidi la nakala lilitoka kituo cha Uswisi kinachotafiti maporomoko ya theluji.

Uingereza, bila kumjua Cormack, mhandisi Godfrey Hounsfield alikuwa akifikiria jambo hilo hilo katika kampuni ya EMI, ile ile iliyokuwa ikiuza santuri za Beatles. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo akawa mgonjwa wa kwanza kuingia katika mashine yake. Picha iligawanywa katika miraba 80 kwa 80, yaani 6,400 kwa jumla. Simu yako ya bei rahisi kabisa ingeicheka. Lakini kila mraba ulikuwa na namba, na namba hiyo ilieleza tishu ya mahali pale inazuia miale kwa kiasi gani. Mwaka 1979 Hounsfield na Cormack waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba. Hakuna kati yao aliyekuwa na shahada ya uzamivu, jambo ambalo nimewatajia wenzangu darasani zaidi ya mara moja.

Kipimo cha CT mpaka leo kinaitwa kwa jina la Hounsfield. Maji ni sifuri. Hewa ni hasi 1,000. Mafuta yanaelea chini ya maji, takriban kati ya hasi 190 na hasi 30. Msuli huhesabiwa kuanzia hasi 29 hadi 150. Mashine za mwanzo zilipokea kichwa tu. Za mwili mzima zilifuata katikati ya miaka ya 1970. Zilipofika, paja la mtu aliye hai liliweza kutazamwa kama mnofu uliokatwa buchani: mfupa mweupe katikati, msuli wa kijivu ukiuzunguka, na mafuta meusi nje. Kwa mara ya kwanza ungeweza kupima msuli wa bibi leo, ukampa chai, ukampima tena mwaka ujao.

Ila CT ni ghali, na ina mionzi mingi. Mashine iliyoingia kwenye tafiti kubwa za wazee ilikuwa nyingine, DXA, iliyoanza kuuzwa mwaka 1987 kwa ajili ya mifupa, hasa mifupa inayomong'onyoka kwa wanawake waliokoma hedhi. Inapitisha miale ya nguvu mbili tofauti, na kwa kulinganisha jinsi kila moja inavyozuiwa, inatenganisha mfupa na kisicho mfupa, kisha mafuta na kisicho mafuta. Kinachobaki baada ya hapo huhesabiwa kuwa sehemu isiyo na mafuta, na watu wengi wakazoea kuiita msuli. Ni sawa na mfanyabiashara anayepima gunia la mahindi, akatoa uzito wa gunia, akatoa mawe, halafu kila kilichosalia akakiita mahindi, unyevu ukiwemo. Maji yamo humo. Ini limo, moyo umo. Mzee aliyevimba miguu kwa maji anaweza kuonekana ana misuli kuliko alivyo. Ndiyo maana mwaka 1990 Steven Heymsfield na wenzake, wakitumia mashine iliyoitangulia DXA, walipendekeza kiwiliwili kiachwe na ipimwe mikono na miguu tu, kwa sababu huko kisicho mfupa wala mafuta kwa sehemu kubwa ni msuli kweli.

Kufikia hapo jambo lenyewe lilikuwa limepata jina. Mwaka 1988, katika mkutano uliofanyika Albuquerque, jimbo la New Mexico, Marekani, Irwin Rosenberg alisema kwamba pengine hakuna badiliko la uzeeni linaloonekana waziwazi kama kupungua kwa misuli, na bado hakuna anayelishughulikia. Akaona lipewe jina, tena la Kigiriki, ili lichukuliwe kwa uzito: sarkopenia, upungufu wa nyama ya mwili. Lilikuwa jina la kimkakati, na mkakati ulifanikiwa. Sisi hatukukosa maneno. Tunasema mzee amesinyaa, amenyauka, amedhoofu, ameishiwa. Lakini ukimpeleka mtu hospitali ukasema amenyauka, utaulizwa ana ugonjwa gani.

Jina likihitaji mgonjwa, linahitaji mstari: hapa mzima, hapa mgonjwa. Mstari wa kwanza uliosafiri sana ulichorwa mwaka 1998 na Richard Baumgartner na wenzake, huko huko New Mexico. Walichukua uzito wa misuli ya mikono na miguu, wakaugawa kwa kimo kilichozidishwa kwa kimo, wakauliza: ni nani aliye chini sana ya wastani wa vijana? Jibu likawa kilo 7.26 kwa kila mita ya mraba kwa wanaume, na 5.45 kwa wanawake. Chini ya hapo, una sarkopenia.

Nilikaa na makala ile wiki nzima, na kuna mambo mawili ambayo namba hizo, zikinukuliwa peke yake, huyaacha nyuma. La kwanza: wazee waliochunguzwa walikuwa 883, lakini waliopita kwenye DXA walikuwa 199. Wengine misuli yao ilikadiriwa kwa mlinganyo, kutokana na vipimo vya mwili na nguvu ya kukamata kwa mkono. Yaani namba maarufu ya picha, kwa wengi wao, haikutoka kwenye picha. La pili: wazee wale walikuwa Wamarekani wenye asili ya Kilatini na Wazungu, na vijana waliolinganishwa nao walitoka katika utafiti mwingine, wenye umri wa miaka 18 hadi 40. Kila mzee duniani aliyepimwa kwa mstari ule alikuwa akilinganishwa na vijana hao, sura zao asizijue. Simlaumu Baumgartner, mtu hupima walio karibu naye. Wataalamu wa Asia waliliona hilo, na mwaka 2014 wakachora mstari wao: 7.0 kwa wanaume, 5.4 kwa wanawake. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa mtu aliye katikati ya mistari hiyo miwili, ndiyo tofauti ya kuambiwa anaumwa au kuambiwa arudi nyumbani.

Nikisoma haya nilikuwa namfikiria bibi, mzaa mama, anayeishi Pangani. Bibi hajawahi kuingia kwenye DXA na sidhani kama ataingia. Ninachojua ni kwamba zamani alikuwa anakaa juu ya mbuzi akakuna nazi nne mfululizo huku anatusimulia mambo ya watu. Nilipokwenda likizo iliyopita nilimkuta anakunia juu ya meza, kwa kikunio cha mkono. Nilipomwamkia na kumuuliza mbuzi iko wapi, alinionyesha uvunguni. "Kukaa nakaa, mjukuu wangu," akasema. "Kuinuka ndiyo kazi." Kwake hilo halikuwa ugonjwa wala siri. Ilikuwa habari ya fanicha.

Nimeisimulia habari hiyo hapa katikati kwa sababu historia ya picha zenyewe iliishia kumkuta bibi pale pale alipo.

Mwaka 1990, Boston, daktari Maria Fiatarone aliwachukua wakazi kumi wa nyumba ya wazee. Walikuwa na miaka 86 hadi 96. Aliwapa mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane, jambo ambalo wengi wakati ule wangeliona la hatari kwa vikongwe. Tisa walimaliza. Nguvu ya miguu yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha mikongojo yao. Mapaja yao yalipimwa kwa CT. Picha zilionyesha kwamba eneo la msuli lilikuwa limeongezeka kwa wastani wa asilimia 9. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, tunaambiwa. Hapa kidogo kilirudi, na kikapigwa picha. Watu husoma utafiti ule kama habari njema, na ni njema kweli. Mimi nakwama kwenye pengo kati ya namba hizo mbili. Asilimia 174 na asilimia 9. Sehemu kubwa ya kilichorudi haikuonekana kwenye picha.

Pengo hilo lilipimwa vizuri zaidi katika utafiti uliowafuatilia Wamarekani weusi na weupe 3,075 wenye miaka 70 hadi 79, wa Pittsburgh na Memphis, kuanzia mwaka 1997. Walipigwa DXA, walipigwa CT ya paja, na wakapimwa nguvu za goti. Mwaka 2006 Bret Goodpaster na wenzake waliripoti kwamba katika miaka mitatu nguvu za wazee wale zilishuka kwa kasi ya karibu mara tatu ya kasi ya kupungua kwa misuli yao. Mwaka huo huo kundi lile lile, likiongozwa na Anne Newman, lilionyesha kwamba aliye dhaifu ndiye aliyekuwa katika hatari zaidi ya kufa, na kwamba kujua ukubwa wa msuli hakukuelezea hatari hiyo. Mashine ilikuwa imetumia robo karne kujifunza kuona nyama, kumbe kinachomshusha mzee kaburini kilikuwa nguvu.

Isidhaniwe kwamba CT haikuwa na la kusema. Ilisema kitu ambacho futi kamba isingeweza kusema: mapaja mawili yanaweza kuwa na msuli wa ukubwa ule ule, lakini mmoja namba zake ziko chini, karibu na mafuta. Mafuta yamejipenyeza kati ya nyuzi, kama yale unayoyaona kwenye nyama ya ng'ombe wa zizini. Msuli wa namna hiyo ni dhaifu kuliko ukubwa wake. Hapo ule ukungu wa kijivu ulipata vivuli vyake, na kivuli chenyewe kikawa habari.

Marekani iliipa sarkopenia namba yake katika orodha ya magonjwa Oktoba 2016. Mwaka 2019 kundi la wataalamu wa Ulaya lilichapisha mwongozo mpya uliobadilisha mpangilio: nguvu kwanza, picha baadaye. Mzee anabana kifaa cha kupimia nguvu ya kiganja. Akishindwa kufikisha kilo 27 kwa mwanamume au 16 kwa mwanamke, ashukiwe. Au anaambiwa akunje mikono kifuani, ainuke kitini na kukaa mara tano. Zikipita sekunde 15, ashukiwe. DXA, CT au MRI huja kuthibitisha. Kiti cha mtihani ule ni kirefu kuliko mbuzi ya nazi kwa mbali. Bibi alikuwa anafanya mtihani mgumu zaidi kila alipopika wali wa nazi, na siku aliposhindwa alijipa majibu mwenyewe.

Wakati wanasayansi wa uzee wanaisogeza picha nyuma kidogo, madaktari wa saratani walikuwa wanaivuta mbele. Mgonjwa wa saratani hupigwa CT ya tumbo mara kwa mara ili uvimbe ufuatiliwe. Huko Edmonton, Kanada, Carla Prado na wenzake walichukua picha hizo zilizokwisha kupigwa na kutazama kipande kimoja tu, kinachopita kwenye pingili ya tatu ya kiuno. Mahali pale misuli ya mgongo na ya tumbo inajipanga duara, na eneo lake linakwenda sambamba na misuli ya mwili mzima. Mwaka 2008 waliripoti juu ya wagonjwa 250 wanene. Kati yao 38 walikuwa na misuli michache kupita kiasi chini ya unene wao, na hao walikufa mapema kuliko wengine. Hili lilinigusa kuliko mengi, kwa sababu kwetu mtu mnene akipita tunasema amenawiri, na mgonjwa akinenepa tunapumua. Jicho halioni kilicho chini ya mafuta.

Siku hizi programu ya kompyuta inaweza kuchora mpaka wa misuli hiyo kwa muda mfupi kuliko unavyochukua kusoma aya hii. Maana yake, kila CT ya tumbo iliyowahi kupigwa kwa sababu yoyote, mawe ya figo, kidole tumbo, ajali ya bodaboda, ina kipimo cha misuli ndani yake, kimehifadhiwa, hakijasomwa.

Mjomba wangu, ambaye ana miaka 67, alipigwa CT mwaka jana kwa mawe ya figo. Picha alizopewa ziko juu ya kabati lake katika bahasha kubwa ya kaki. Nilimwomba ruhusa ya kuzitazama, tukazishika pamoja mbele ya dirisha la sebuleni. Figo alizitambua mwenyewe, alishaonyeshwa. Kisha akaweka kidole kwenye mabonge mawili ya kijivu yaliyokaa pande mbili za pingili.

"Na hizi?"

"Hizo ni nyama za mgongo, mjomba. Ndizo zinazokuinua."

Alichukua ripoti akaisoma tena tangu juu hadi chini, taratibu, miwani ikiwa puani. Figo ya kulia, figo ya kushoto, kibofu, ini. Akaigeuza upande wa pili. Upande wa pili ulikuwa mweupe.